Kabla Ubebe Wufa Ingine Luthuli, Angalia Hii Setingi Kwa Simu Yako Kwanza

Maze, ushawahi nunua wufa mpya, ukafika keja ukiwa na mzuka, ukaweka ngoma, alafu sauti ikatoka kaa imefungiwa kwa ndoo? Mimi nishawahi. Nilitoka Luthuli Avenue na boksi kwa bega, nikashukia Valley Arcade, nikatembea nayo hadi SQ yangu huku Lavi. Thao kumi na mbili, na nusu yake ilikuwa ya rent. Nililaumu hiyo wufa wiki mzima. Kumbe shida ilikuwa kwa simu.

Spotify, ile iliingia Kenya Februari 2021, iko na setingi inaitwa Data Saver. Ukiiwasha ndio bando isiishe, inaangusha ngoma hadi karibu kilobiti 24 kwa sekunde. Wale wa bure wanaweza fika 160, wa Premium wako na setingi ya 320. CD ya kawaida ni 1,411. Sasa kwa hiyo 24, gita ya nyuma, pumzi ya msanii, matoazi ya dramu, mob imetupwa na ingine inabahatishwa tu. Spika nzuri haiwezi rudisha kitu haikuletewa. Inaanika tu ule ubovu vizuri zaidi.

Kaa uko na WiFi kwa nyumba, zima hiyo kitu na uweke juu kabisa. Kwa 320 unakula karibu MB 144 kwa saa moja, so kwa bando ya simu, hapo ni wewe na roho yako. Na wewe unatoa ngoma YouTube alafu unaigeuza iandikwe 320, wacha kujidanganya. Hiyo ni kuongeza maji kwa chai: kikombe inajaa, maziwa ni ile ile.

Ya pili ni Bluetooth. Ngoma ilikuwa ishafinywa, Bluetooth inaifinya tena ndio ipite hewani. Apple Music ilileta ngoma za bila kufinywa mwaka wa 2021 bila kuongeza bei, lakini ukizicheza kwa Bluetooth hiyo faida inapotelea njiani. Tumia waya ya AUX. Simu haina tundu la earphone? Tafuta kale ka-adapta ka USB-C. Ndani yake kuna kachipu kanageuza zile namba za faili kuwa sauti, na wengi hushtuka venye kanabadilisha mambo.

Alafu kuna ile stika ya "10,000W PMPO" kwa boksi. Hiyo ni hesabu ya mauzo, msee. Soketi yako ya ukuta ni ampia 13 kwa volti 240, inatoa wati 3,120 na hapo imefika mwisho. Hiyo elfu kumi inatoka wapi? Uliza muuzaji RMS ni ngapi, ama geuza mashine usome nyuma inakula wati ngapi. Ukiona 40, hiyo ndio ukweli.

Na hata ingekuwa elfu kumi, ungeitumia wapi huku? Sheria za kelele za NEMA za 2009 zinataka usiku kwa mtaa wa makazi isipite desibeli 35, na majirani wa Lavi hawakuji kubisha mlango, wanapigia caretaker. Unasikiza chini, kwa hivyo unahitaji sauti safi kuliko wati.

Mimi wufa yangu bado ni ile ile. Niliitoa kwa kona, juu kona inafura besi hadi maneno yanapotea, nikaiweka mbali kidogo na ukuta. Keja yangu ni tailsi na vioo, sauti ilikuwa inaruka kaa mpira, so nikatandika kapeti ya Gikomba na nikaweka pazia nzito. Caretaker hajanipigia tangu hiyo siku.