Nani Anipostie Kitabu?

Mswada haujafika sura ya mwisho, lakini mwandishi ameshauliza: "Mnamjua msanii gani mwenye wafuasi wengi anipostie kitabu?" Wahariri wa vitabu wamelisikia swali hili mpaka sasa wanalijibu kwa kukohoa.

Wanaouliza wanaamini kwamba kazi isiyojulikana huvuma kwa ukubwa wa mdomo ulioitaja. Dawa yenyewe ina bei: picha ya msanii kashika kitabu ambacho hajakifungua, maneno mawili ya sifa, alama ya moto. Kesho yake, kwa tabasamu lile lile, kashika sabuni ya unga.

Kilichotokea Mei 2023 kinatosha kuivunja imani hiyo. Riwaya fupi ya Amal El-Mohtar na Max Gladstone, This Is How You Lose the Time War, ilikuwa sokoni tangu 2019. Ilikuwa na tuzo za Hugo na Nebula, ila nje ya wapenzi wa hadithi za kisayansi wachache walikuwa na habari nayo. Aliyeiibua ni shabiki wa katuni za Kijapani, mwenye jina la utani la kuchekesha, aliyewahimiza mashabiki wenzake kwenye Twitter wainunue bila hata kuuliza inahusu nini. Ndani ya siku chache ikaingia kumi bora za Amazon. Nyota gani hapo? Ni mtu aliyeisoma, akapagawa, akawaambia wenzake.

Au filamu ya Four Weddings and a Funeral, ya 1994. Mhusika Matthew anasimama kanisani, mbele ya jeneza la mpenzi wake Gareth. Maneno yake mwenyewe hayamtoshi, basi anamtaja W. H. Auden kwa jina na kusoma shairi lake, "Funeral Blues". Watazamaji hawakuhubiriwa kwamba shairi ni zuri. Walimwona mfiwa akilishikilia. Wachapishaji Faber hawakulala: walitoa kijitabu cha mashairi kumi ya Auden, na nakala zaidi ya 200,000 zikauzwa. Mshairi alikuwa amefariki tangu 1973, hakumpostia mtu.

Mwimbaji Kate Bush naye: "Running Up That Hill", wimbo wa 1985, katika msimu wa 2022 wa tamthilia ya Stranger Things ndio wimbo wa kaseti unaomnusuru msichana Max na kifo. Juni mwaka huo ukashika namba 1 Uingereza.

Tena mdomo mkubwa unaweza kukuta rafu tupu. Oktoba 2021 Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar, alitangazwa mshindi wa Nobeli ya Fasihi. Kuna promo gani kuizidi hiyo? Msomaji aliyetaka riwaya yake kwa Kiswahili wiki ile alirudi mikono mitupu. Peponi, tafsiri ya Ida Hadjivayanis ya Paradise ya 1994, ilitoka 2022.

Basi, kabla ya kumsaka msanii, maandalizi yenyewe, haraka haraka. ISBN, namba ya kutambulisha kitabu, ambayo Tanzania hutolewa na Bodi ya Huduma za Maktaba, ichukuliwe mapema. Jina la kitabu liandikike kwenye simu bila kukosewa. Nakala ziwepo dukani kabla ya sifa, za karatasi na za kielektroniki. Mkataba utaje anayeruhusu dondoo isomwe redioni au kwenye tamthilia, maana mtayarishaji hasubiri wiki tatu. Nakala za bure zimfikie kwanza mwalimu wa fasihi, mtangazaji anayesoma kweli, na mwandishi wa tamthilia. Na namba ya simu iliyoko jalada la nyuma iwe ile inayopokelewa.