Faini Inayopanda kwa Mwenye Kurudia Kosa

Katika miji mikubwa ya Marekani, ambako wasafiri humiminika mwaka mzima, wako wenye nyumba waliogundua kwamba wageni wa siku mbili tatu huleta faida kubwa kuliko mpangaji wa mwaka, na kwa tamaa hiyo majumba yaliyojengwa kwa ajili ya wakazi yakageuzwa hoteli zisizo na leseni. Majirani walilalamikia kelele za usiku, wapangaji nao walilia kwa kukosa makao. Ndipo serikali za miji zilipoweka faini. Lakini faini isiyobadilika haimtishi tajiri, maana huihesabu katika gharama zake kama vile mchuuzi anavyohesabu ushuru wa soko, akailipa asubuhi na jioni akampokea mgeni mwingine.

Kwa sababu hiyo sheria ya jimbo la New York, iliyotiwa saini mwaka 2016, iliwatoza waliotangaza vyumba wasivyoruhusiwa kupangisha hadi dola 1,000 kwa kosa la kwanza, 5,000 kwa la pili, na 7,500 kwa la tatu na yote yafuatayo. Huu naona ni mpango wa insafu: mkosaji wa mara ya kwanza yamkini hakuijua sheria, lakini aliyekwisha kupewa ilani, akalipa, kisha akarejea, huyo amekusudia, wala hana udhuru.

Ni nani basi anayehesabiwa kuwa amerudia? Sheria ya jimbo la Florida hujibu waziwazi: ni yule ambaye, katika miaka 5 iliyotangulia, alithibitishwa mbele ya baraza au mahakama kuwa amevunja kifungu kile kile, au alikiri mwenyewe, hata ikiwa kosa jipya limetendeka mahali pengine. Maneno hayo ya mwisho yana uzito mkubwa, kwani mwenye nyumba sita hawezi kujitetea kuwa kila nyumba ina daftari lake. Kosa humfuata mtu. Na tuhuma tupu za jirani, zijapokuwa nyingi, hazimfanyi mtu kuwa mkaidi mbele ya sheria.

Katika jimbo hilo hilo, mji wa Miami Beach, uliokataza upangishaji wa muda mfupi katika mitaa yake mingi ya makazi, uliweka faini ya dola 20,000 kwa kosa la kwanza, 40,000 kwa la pili, na kuendelea hivyo mpaka 100,000 kwa la tano. Mwenye nyumba mmoja alishtaki, na mwaka 2019 jaji akazibatilisha, kwa kuwa sheria ya jimbo haikuuruhusu mji kupita dola 1,000 kwa siku kwa kosa la kwanza na 5,000 kwa siku kwa la kurudia. Mahakama ya rufaa ikaithibitisha hukumu hiyo. Nawahurumia wakazi waliotumaini kinga, lakini jaji alihukumu kwa haki, maana mji unaomwadhibu raia kwa kuvunja sheria hauna ruhusa ya kuivunja wenyewe.

Jiji la New York limeshika njia nyingine, nayo kwangu ndiyo yenye nguvu zaidi: tangu Septemba 2023 mwenye nyumba sharti ajiandikishe, awemo nyumbani, asipokee wageni zaidi ya wawili, na kampuni za intaneti zimekatazwa kumpitishia malipo asiyeandikishwa. Mkaidi anaweza kufutiwa usajili, na hapo hata mwenye fedha ya kulipa faini hukosa mlango wa kumwingiza mgeni.