Fort Jesus ya Mombasa: kutembea siku moja kwenye ngome ya mlango wa biashara

Vitu vingi vya ng'ambo vinavyofika Goma, halafu Masisi na Walikale, vinashukia kwanza bandari ya Mombasa, Kenya. Pale kando ya bahari kuko ngome ya mawe ambayo watu walipigania sana juu ya biashara.

Mwenye kufika Mombasa anaweza kuanza kutembea asubuhi kwenye barabara ya Moi, penye meno makubwa ya tembo yaliyotengenezwa kwa alumini. Meno hayo yanatuhusu. Katika karne ya 19 pembe nyingi zilitoka upande wa Maniema, jirani yetu, zikibebwa na wapagazi, wakiwemo watumwa, mpaka pwani, zaidi Bagamoyo na Zanzibar. Kiswahili nacho kilitufikia kwa misafara hiyo.

Ukiendelea kwa miguu upande wa bahari, unatokea Fort Jesus. Wareno, ni kusema watu wa Portugal, walianza kuijenga 1593, kwa ramani ya Mwitalia Giovanni Battista Cairati. Waliiweka juu ya mwamba, mahali meli zinapoingia bandarini. Sisi huku tunaelewa haraka: mwenye kushika barieri ndiye anakula ushuru.

Ndiyo maana vita haikukosa. Mwezi wa 3, 1696, Waomani waliizunguka ngome. Wareno na watu wa pwani waliokimbilia ndani walifungiwa karibu miaka mitatu. Njaa na magonjwa viliua wengi kuliko risasi. Meli Santo António de Tanná, iliyoleta msaada, ilizama palepale 1697. Mwezi wa 12, 1698, Waomani waliingia na kukuta watu wachache sana wangali hai. Waingereza nao waliigeuza gereza toka 1895 mpaka 1958.

Leo ndani unaona mizinga, nyumba ya Waomani na vitu vilivyotolewa ndani ya meli ile. Ni makumbusho tangu 1962, na UNESCO iliiandika kwenye urithi wa dunia 2011. Ukitoka, Mji wa Kale uko karibu, na vichochoro vyake na milango ya kuchongwa. Unaweza kumalizia jioni huko.

Kila aliyeishika ngome alitaka mali inayopita. Waliolipa kwa maisha yao ni wale waliokimbilia ndani wakitafuta usalama. Kwetu, ambako familia nyingi zimekimbia vijiji, habari hiyo si ya kale.