Kupanda si Kazi, Kazi ni Kulea

Wahenga walinena kwamba kuzaa si kazi, kazi ni kulea. Leo twapenda kuutumia usemi huo katika jambo ambalo ndugu zetu askari wa jeshi na polisi walioko Juba hawana budi kulitafakari, nalo ni mti wa kivuli: uani mwa nyumba, kando ya uwanja wa gwaride na mbele ya kituo.

Jua la Juba halihitaji kusimuliwa kwa mtu aliyewahi kusimama lindo saa nane mchana. Mwezi Machi 2024, Serikali ya Sudan Kusini ilizifunga shule zote kwa sababu ya joto lililotazamiwa kufika nyuzi 45 za Sentigredi. Mwezi Februari 2025 zikafungwa tena, baada ya wanafunzi mjini Juba kuzirai kwa joto. Watoto wa askari husoma katika shule hizo hizo, chini ya mabati yale yale. Na wakati jua linazidi, miti inapungua, kwani chakula cha mji huo hupikwa zaidi kwa makaa, na kila gunia la makaa lilikuwa mti.

Mti gani basi upandwe? Kwa ua wa kawaida twaushauri mwarobaini, ambao watu wa Juba huuita nim. Asili yake ni Bara Hindi na nchi jirani zake, lakini umekubali ardhi ya Afrika kama mwenyeji. Huvumilia ukame, na huwa na majani karibu mwaka mzima. Hata katika uwanda wa Arafa, nchini Saudi Arabia, maelfu ya miti hiyo imepandwa ili kuwapa mahujaji kivuli. Adui yake ni maji yanayotuama, basi usipandwe bondeni. Mwenye nafasi kubwa apande pia mwembe, apate kivuli na matunda.

Mbegu za mwarobaini hupoteza uhai wake upesi, hata katika majuma machache. Kwa hiyo ziokotwe zikiwa mbivu, zimenywe, zioshwe, zianikwe kivulini, kisha zipandwe mara moja katika viriba vyenye udongo uliochanganywa na samadi. Mche ukifika sentimita 30 hivi, upandikizwe mvua zinapoanza kushika, mwezi wa Aprili au Mei, ili upate miezi kadhaa ya kutia mizizi kabla ya kiangazi. Shimo liwe na upana na kina cha sentimita 60, umbali wa mita tano au zaidi kutoka ukutani. Udongo wa juu utengwe, uchanganywe na samadi, urudishwe kwanza chini penye mizizi. Kiriba kiondolewe, wako wanaouzika mche pamoja na mfuko wake, halafu wakashangaa kuuona umedumaa.

Hadi hapo mambo ni mepesi. Mtihani huanza mwezi wa Desemba, mvua zinapokuwa zimekwisha. Tarehe 5 Juni 1977, mjini Nairobi, marehemu Wangari Maathai na wenzake walipanda miti saba katika uwanja wa Kamukunji, na huo ukawa mwanzo wa harakati iliyompatia Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 2004. Lakini katika miti hiyo saba ni miwili tu iliyosalimika; mingine ilikufa kwa kukosa matunzo. Ikiwa hayo yalimfika bingwa huyo, itakuwaje kwetu tunaopanda siku ya sherehe, tukapiga picha na kwenda zetu?

Katika viangazi viwili vya mwanzo, mti upewe debe moja la maji mara mbili kwa juma, jioni. Twajua kwamba maji Juba hununuliwa kwa fedha, lakini maji yaliyooshea mboga au nafaka yanafaa kabisa. Uchimbiwe kisahani kuzunguka shina, na juu yake yatandazwe majani makavu, yasiguse shina, maana mchwa hupenda kujificha humo. Uzungushiwe miiba dhidi ya mbuzi. Takataka zisichomwe chini yake, wala oili chafu ya magari isimwagwe shinani. Chokaa inayopakwa mashina kabla ya ukaguzi hupendeza macho, lakini haiunyweshi mti.

Liko jambo moja linalowahusu askari kuliko raia, nalo ni uhamisho. Aliyepanda mwezi wa Mei huenda akapelekwa Wau au Malakal kabla ya Krismasi, na anayeingia nyumbani humo hajui kama kile kijiti ni mti au ni kuni. Hapo ndipo miti mingi ya kambini hufia. Tunashauri kwamba, kama vile silaha, funguo na vitanda vinavyoandikwa katika daftari la makabidhiano, nayo miti iandikwe: iko mingapi, iko wapi, na zamu ya maji ni ya nani.

Wako watakaouliza faida ya kumlelea mtu mwingine kivuli. Na waitazame misaji ya Kagelu na Loka, katika Ikweta, iliyopandwa zamani za utawala wa Waingereza. Walioipanda hawakuivuna. Mingi ilikatwa katika miaka ya vita na wale ambao hawakuipanda. Hilo ni funzo tosha kwamba mti hauhitaji mpandaji peke yake, wahitaji mlinzi.

Na kazi ya ulinzi, ndugu askari, hakuna aijuaye kuliko ninyi. Lindo haliachwi tupu mpaka mwenye zamu afike. Nao mche ulio mlangoni mwa kituo ni lindo, na zamu yake ni miaka miwili.