Vidonda Visivyopona na Wasiwasi wa Moyo

Ndugu msomaji, tazama mikono yako. Je, una vidonda vidogo visivyopona? Je, kigaga kikikauka wewe unakibandua? Basi habari hii inakuhusu.

Mama mmoja alikuja kwenye zahanati yetu na vidonda vingi mikononi. Nilidhani ni upele. Nikampa dawa ya kupaka. Baada ya wiki mbili alirudi, vidonda ni vilevile. Safari hii nilimwuliza, "Mama, usiku unalala?" Alinyamaza. Kisha akasema, "Silali, mwanangu. Nikiwaza deni la mbolea, vidole vyangu hutafuta vidonda."

Kosa lilikuwa langu. Nilitazama ngozi, sikuuliza habari za moyo.

Mambo huenda hivi. Mtu ana wasiwasi, anachokonoa ngozi. Anapata nafuu kidogo. Kisha anaona vidonda, anaona aibu. Aibu inaleta wasiwasi mwingine. Anachokonoa tena.

Huu si uchawi, wala si utundu. Ni ugonjwa. Mwaka 2013 madaktari wa akili wa Marekani waliupa nafasi yake katika kitabu chao cha magonjwa. Si kila mwenye wasiwasi huupata, lakini mara nyingi mambo haya mawili huandamana.

Kwanza, pimwa kama una upele. Upele huwasha zaidi usiku, hukaa katikati ya vidole, na mara nyingi wengine nyumbani hujikuna pia.

Kama si upele, fanya hivi:

1. Kata kucha ziwe fupi.
2. Osha vidonda kwa maji safi na sabuni, uvifunike kwa kitambaa safi.
3. Jua ni saa ngapi na mahali gani unapoanza kuchokonoa.
4. Vidole vikianza, kunja ngumi mpaka hamu ipite. Au shika kazi: suka ukili, pukuchua mahindi.
5. Mweleze mtu unayemwamini jambo linalokusumbua.

Ukishindwa kuacha, au kidonda kikitoa usaha, nenda zahanati. Ukikata tamaa ya kuishi, nenda leo hii.

Nanyi jamaa, msimkaripie mgonjwa. Makaripio huongeza wasiwasi.

Yule mama sasa hushika ukili kila jioni. Deni analipa kidogo kidogo. Vidonda havijaisha vyote, lakini analala.