Wasifu wa Asidi za Mafuta katika Utambuzi na Uainishaji wa Hamira

Chini ya darubini, hamira za spishi nyingi hufanana: seli za mviringo au za umbo la yai zinazozaana kwa kuchipuza. Kwa sababu hiyo uainishaji wake ulitegemea kwa muda mrefu majaribio ya uchachushaji na matumizi ya sukari mbalimbali. Majaribio hayo huchukua siku nyingi, na majibu yake huweza kutofautiana hata ndani ya spishi moja. Katika miaka ya 1980, Kock na wenzake katika Chuo Kikuu cha Orange Free State, Bloemfontein, Afrika Kusini, walielekeza utafiti wao kwenye asidi za mafuta zilizomo katika lipidi za seli.

Utaratibu wenyewe si mgumu. Seli huchemshwa katika sodiamu haidroksaidi iliyoyeyushwa kwenye methanoli ili asidi zitengane na lipidi, kisha asidi hizo hugeuzwa kuwa esta za methili, ambazo huvukizika kwa urahisi, na kutenganishwa kwa kromatografia ya gesi. Kila kilele hutambuliwa kwa kulinganishwa na esta zinazojulikana, na eneo lake huonyesha asilimia ya asidi husika.

Sehemu kubwa ya wasifu wa hamira huwa na asidi chache za kaboni 16 na 18. Palmitiki, palmitoleiki, steariki na oleiki hupatikana karibu kote. Kinachotenganisha makundi ni linoleiki, yenye bondi mbili katika nafasi mbili, na alfa-linoleniki, yenye nafasi tatu. Saccharomyces cerevisiae haitengenezi hata moja kati ya hizo, kwani kimeng'enya chake cha desaturesi, kinachotokana na jeni OLE1, huweka bondi mbili kwenye kaboni ya tisa tu. Yarrowia lipolytica hutengeneza linoleiki bila linoleniki. Kluyveromyces lactis hutengeneza zote mbili.

Umuhimu wa tofauti hiyo unaonekana wazi katika jenasi ya Candida, ambayo kwa miaka mingi ilikuwa kama ghala la hamira zisizojulikana kuzaana kwa njia ya kijinsia. Candida albicans ina linoleiki na linoleniki. Candida glabrata haizitengenezi, na katika hili inafanana na Saccharomyces. Ulinganisho wa jeni umethibitisha ujirani huo, na spishi hiyo sasa imehamishiwa jenasi ya Nakaseomyces. Jambo hili halihusu majina peke yake: C. glabrata huathiriwa kidogo zaidi na dawa ya flukonazoli kuliko C. albicans, hivyo kosa la utambuzi hospitalini huweza kuwa kosa la tiba.

Hata hivyo, kukosekana kwa asidi si ushahidi wa undugu. Schizosaccharomyces pombe nayo haina linoleiki wala linoleniki, ilhali nasaba yake iko mbali mno na ya S. cerevisiae, na hata seli zake hugawanyika katikati badala ya kuchipuza. Anayeziweka pamoja kwa kigezo hiki pekee ameainisha upungufu, hakuainisha viumbe.

Asilimia nazo zinahitaji tahadhari kubwa zaidi. Halijoto inaposhuka, hamira nyingi huongeza asidi zenye bondi mbili ili utando wa seli usikakamae. Desaturesi huhitaji oksijeni. Pasipo hewa, S. cerevisiae haiwezi kujitengenezea oleiki na huitegemea iliyomo katika mlo, kwa mfano ile itokanayo na Tween 80. Umri wa kuzalia hubadilisha viwango pia. Kwa hiyo ulinganisho wa takwimu za maabara mbili zilizotumia milo tofauti hauna thamani kubwa, hata pale ambapo uchanganuzi wa kitakwimu umefanywa kwa ustadi.

Tangu Kurtzman na Robnett walipochapisha mwaka 1998 mfuatano wa eneo la D1/D2 la jeni ya rRNA ya 26S kwa takriban spishi 500, uamuzi wa mwisho kuhusu spishi umehamia kwenye DNA. Wasifu wa asidi za mafuta umebaki kipimo cha mchujo, na mchujo huo una mitego yake. Kilele cha linoleiki katika hamira ya bia inayodhaniwa kuwa S. cerevisiae huweza kumaanisha kwamba hamira ya mwituni imeingia, lakini linoleiki ya shayiri pia hupita kwenye togwa la kimea na kufyonzwa na seli. Kabla ya kutangaza uchafuzi, hamira hiyo hukuzwa upya katika mlo usio na lipidi na kupimwa tena.