Mlinzi wa Kanisa Naye ni Mwajiriwa



Kila mwaka kamati za sharika zinapokaa kuandaa bajeti, kifungu cha watumishi wasio wachungaji ndicho kinachopita haraka kuliko vyote. Paa la kanisa hujadiliwa saa mbili, viti vya plastiki nusu saa, kisha mlinzi, mpishi wa chekechea na mhudumu wa usafi huandikwa pamoja kwenye mstari mmoja uitwao "posho". Katika toleo hili tumeonelea tuueleze mstari huo, kwa kuwa mbele ya sheria za kazi za nchi yetu unaweza kuugharimu usharika kuliko paa.

Hadi mwaka 2004 ajira Tanzania Bara zilisimamiwa na sheria nyingi zilizotawanyika, baadhi zikiwa za tangu ukoloni, nyingine za miaka ya mwanzo ya uhuru. Mwaka huo Bunge lilipitisha sheria mbili zinazokwenda pamoja: Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini Na. 6, inayotaja haki na wajibu wa mwajiri na mwajiriwa, na Sheria ya Taasisi za Kazi Na. 7, iliyounda vyombo vya kuzisimamia, ikiwemo Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, maarufu kama CMA. Sheria ya kwanza imetaja waliotolewa chini yake: Jeshi la Wananchi, Polisi, Magereza na Jeshi la Kujenga Taifa. Kanisa halimo katika orodha hiyo.

Jibu tunalolisikia mara nyingi tunapotembelea miradi ni kwamba "huyu hatukumwajiri, anajitolea". Hapa ndipo kamati nyingi zinapojikwaa. Sheria Na. 7, kifungu cha 61, inasema mtu anayefanya kazi kwa ajili ya mwingine atachukuliwa kuwa mwajiriwa, mpaka ithibitishwe vinginevyo, ikiwa hata dalili moja kati ya zilizotajwa ipo. Miongoni mwa dalili hizo ni kwamba anapangiwa namna ya kufanya kazi, au anapangiwa saa, au anapewa vifaa, au anamtegemea mhusika kwa riziki yake, au amefanya kazi kwa wastani wa saa zisizopungua 45 kwa mwezi katika miezi mitatu iliyopita. Mlinzi aliyepewa tochi, koti na zamu na mzee wa kanisa anazo karibu zote. Kumwita mtu wa kujitolea, na kumlipa katika bahasha iliyoandikwa "asante", hakubadilishi jambo.

Tusieleweke vibaya. Washarika wanaokuja Jumamosi kwenye msaragambo wa kubeba mawe ya msingi, au akina mama wanaopokezana kupamba madhabahu, hawajawa waajiriwa. Hakuna anayewapangia saa kwa amri wala anayeishi kwa kazi hiyo. Lakini kijana aliyeanza na msaragambo, kisha akaambiwa aje kila siku kusaidia mafundi kwa malipo ya wiki, amevuka mpaka hata kama hakuna aliyetangaza.

Tumtazame mlinzi kwa karibu, kwa kuwa karibu kila usharika unaye. Kwa kawaida huingia saa 12 jioni na kutoka saa 12 asubuhi, usiku saba kwa wiki, Krismasi na Pasaka zikiwemo. Hizo ni saa 84 kwa wiki. Sheria inaruhusu saa 45 za kawaida kwa wiki, katika siku zisizozidi sita. Saa za ziada zinahitaji makubaliano, zisizidi 50 katika kila wiki nne, na zilipwe si chini ya mara moja na nusu ya mshahara wa kawaida. Pigeni hesabu: kwa wiki nne mlinzi huyu amefanya saa 336, wakati sheria, hata kwa kujumlisha saa za ziada zote, inaishia 230. Saa 106 zinazobaki haziruhusiwi kabisa, iwe amelipwa au hakulipwa. Aidha, kazi ya kati ya saa 2 usiku na saa 12 alfajiri inastahili nyongeza ya asilimia 5 ya mshahara wa msingi kwa kila saa, na kazi ya sikukuu hulipwa mara mbili.

Njia ya kutoka ipo, nayo ni ya walinzi wawili. Sheria inaruhusu, kwa makubaliano ya maandishi, zamu ya hadi saa 12 kwa siku pamoja na muda wa kula, mradi mtu asifanye kazi zaidi ya siku tano wala zaidi ya saa 45 za kawaida kwa wiki, na saa za ziada zisizidi 10. Mmoja akilinda usiku nne na mwenzake usiku tatu, wiki inayofuata wakabadilishana, aliyelinda nne anakuwa na saa 48. Ukitoa saa moja ya kula kila usiku zinabaki 44. Ikiwa lindo haliwezi kuachwa hata wakati wa kula, saa hiyo nayo huhesabiwa kuwa ya kazi, zinazidi 3 tu, na zinalipwa kama saa za ziada. Mpango huu una gharama, hatukatai. Hata hivyo, mlinzi wa usiku wa saba mfululizo huwa amelala, na wezi wanalijua hilo kuliko kamati.

Jambo la pili ni maandishi. Mwajiri anapaswa kumpa mwajiriwa maelezo ya maandishi kuhusu kazi yake, mahali pa kazi, tarehe ya kuanza, muda wa mkataba, saa na malipo, na kuyatunza miaka mitano baada ya ajira kwisha. Wengi hudhani karatasi ni silaha ya mfanyakazi. Kifungu cha 15 kinaonyesha vinginevyo: pakitokea shauri na mwajiri akashindwa kuleta maelezo hayo, mzigo wa kuthibitisha au kukanusha kilichokubaliwa uko kwake. Mpishi akisema mbele ya CMA kwamba mliahidiana kiasi fulani, si yeye atakayetafuta ushahidi, bali ninyi. Na mweka hazina wa wakati ule huenda amehamia usharika mwingine.

Tumewahi pia kuulizwa kuhusu makato. Usharika umeibiwa spika za kwaya, je, mlinzi akatwe? Sheria haifungi mlango huo, ila imeuwekea kizingiti kirefu. Ni lazima hasara iwe imetokea kazini kwa kosa lake, aelezwe kwa maandishi sababu na kiasi, apewe nafasi ya kujitetea, deni lisizidi hasara halisi, na makato yote kwa jumla yasizidi robo ya malipo yake. Uamuzi unaofikiwa kikaoni Jumapili baada ya ibada, mlinzi akiwa hayupo, haukidhi hata sharti moja.

Tuje kwenye ajali, ambako ndiko machozi yalipo. Mlinzi huumizwa na wezi, kibarua huanguka kutoka kwenye jukwaa la ujenzi wa mnara, mpishi huungua na uji wa watoto. Desturi yetu ni kutangaza sadaka maalumu. Jumapili ya kwanza hutosha kulipa hospitali, ya pili hupungua, na mwezi wa tatu jina lake halitajwi tena kwenye matangazo ingawa mkono haujarudi kufanya kazi. Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi Na. 20 ya mwaka 2008 ilianzisha mfuko kwa ajili hiyo hasa. Michango ilianza mwaka 2015. Kwa sekta binafsi ilikuwa asilimia 1 ya mishahara, ikashushwa hadi 0.6 mwaka 2021 na 0.5 mwaka 2022. Hulipwa na mwajiri peke yake, haikatwi kwa mfanyakazi. Mfuko unagharimia matibabu, fidia ya ulemavu wa muda na wa kudumu, mazishi, na pensheni kwa wategemezi wa aliyefariki kwa ajali au ugonjwa uliotokana na kazi.

Kwa mfano wa mshahara wa shilingi 200,000 kwa mwezi, mchango huo ni shilingi 1,000. Mchango wa NSSF ni asilimia 20, yaani shilingi 40,000, ambapo mwajiri anaruhusiwa kumkata mfanyakazi nusu yake isizidi. Hivyo mfanyakazi anapokea 180,000 na usharika unatoa 221,000, bila kuhesabu nyongeza ya usiku. Tunaomba wenyeviti wa kamati za fedha waiangalie hiyo 1,000 vizuri. Ni chini ya bei ya soda mbili.

Kuhusu kiwango chenyewe cha mshahara, serikali hutoa Amri ya Kima cha Chini kwa kila sekta. Amri ya mwaka 2013 iliweka kilimo shilingi 100,000 kwa mwezi, na ile ya mwaka 2022, iliyoanza Januari 1, 2023, ikapandisha hadi 140,000. Oktoba 2025 ilitangazwa amri mpya ya kuanza kutumika Januari 1, 2026. Kwa hiyo sharika zenye mashamba ya kahawa au mahindi zisitumie karatasi ya zamani iliyobandikwa ofisini. Nakala inapatikana kwa Afisa Kazi wa mkoa. Amri hizi hutaja kima cha saa, siku na wiki pia, jambo linalosaidia sharika ndogo: kama kazi ya usafi ni saa tatu kwa siku, mwajirini mtu kwa saa hizo, mlipe kwa saa hizo, na mwacheni aende shambani kwake. Tunaona hilo ni afadhali kuliko kumshikilia mama kutwa nzima kwa posho ya nusu siku.

Wafadhili wetu, mliopo hapa nchini na ng'ambo, mnalo la kufanya. Maandiko ya miradi mengi yaliyopita mikononi mwetu huja na maelekezo kwamba fedha ziende kwenye "shughuli", si kwenye watumishi. Kwa hiyo kisima kinajengwa na mhudumu wa pampu hana NSSF. Chekechea inapakwa rangi na mwalimu hana likizo ya uzazi ya siku 84 anayostahili, kwa sababu hakuna fedha ya kumlipa wa kushika nafasi yake. Mradi unapokwisha, kiinua mgongo cha siku saba za mshahara kwa kila mwaka aliotumikia, hadi miaka kumi, hakikuwekwa popote, na madai yanabaki kwa usharika uliopokea jengo. Tunapendekeza kila andiko jipya liwe na kifungu cha michango ya kisheria na kiinua mgongo tangu mwaka wa kwanza.

Tunakiri kwamba sheria hizi hazikuandikwa kwa kuwafikiria watu wenye kitabu kimoja cha stakabadhi. Usajili wa NSSF uko kwake, wa Mfuko wa Fidia kwake, ukaguzi wa OSHA kwake, na katibu wa usharika ni mwalimu mstaafu mwenye shughuli zake. Lakini agizo la Kumbukumbu la Torati 24, la kumlipa kibarua kabla jua halijatua, nalo halikungoja mwajiri awe na ofisi. Afisa Kazi ana mamlaka ya kuingia mahali pa kazi bila taarifa, na mfanyakazi aliyeachishwa ana siku 30 za kufungua shauri CMA. Hahitaji wakili kufanya hivyo.

Ofisi ya miradi imeandaa fomu ya ukurasa mmoja ya maelezo ya ajira, kwa Kiswahili, pamoja na jedwali la zamu za walinzi wawili. Vinapatikana ofisi za majimbo. Tunaomba kila usharika ujaze fomu moja kwa kila mtu anayelipwa chochote, hata kama ni mahindi, na nakala itufikie kabla ya kamati za fedha kuketi kwa ajili ya bajeti ijayo. Palipo na shaka kama mtu ni mwajiriwa au la, jazeni fomu hivyo hivyo na mwandike alama ya kuuliza pembeni. Tutakuja tuzungumze.